Mwanao na farasi wa g5

Dada yangu, pole. Umesema mwanao wa miaka 11, hapo Ngamiani, Tanga, akicheza sataranji (chesi) na kushika kete nyeusi anapigwa mapema: farasi na askofu wa mpinzani vinamvamia f7, mraba ulio kando ya mfalme wake. Huo ni ufunguzi wa Kiitaliano, unajulikana tangu karne ya 16.

Mchezo huenda hivi (herufi na namba ni jina la mraba kete inapokwenda, mweupe kwanza kisha mweusi): askari e4 askari e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4 farasi f6, kisha farasi g5. Mwanao ajibu kwa askari d5. Mweupe akila kwa askari, asimle huyo askari kwa farasi! Hapo ndipo watoto wengi wanapokwisha: mweupe anatoa farasi f7, mfalme akimla, malkia anakuja f3 na kumtisha mfalme na farasi kwa pamoja. Bora farasi wa c6 aende a5, amsumbue askofu. Atapoteza askari mmoja, lakini kete zake zitatoka haraka.

Akichanganyikiwa, hatua ya tatu atoe askofu c5 badala ya farasi. Farasi wa mpinzani akirukia g5, malkia anamla bure. Mimi ningeanzia hapa kabisa.

Na tafadhali, mpunguzieni michezo ya kasi kwenye simu. Apate mtu wa kukaa naye mezani, dakika 30 kila upande.