Una sarafu mfukoni? Ushauri kwa anayehamia kijijini Ufaransa

Aprili ya mwaka wangu wa kwanza hapa, nilikuwa naanika nguo uani, mara jirani akaja mbio hadi kwenye uzio. Ni mzee wa miaka themanini na ushei, na mbio zenyewe ni za mzee, lakini zilinitisha. Nikajua kuna msiba. Akaniuliza, "Una sarafu mfukoni?" Nikamjibu sina, gauni langu halina hata mfuko. Akatoa senti hamsini, akanikabidhi juu ya uzio, akaweka kidole mdomoni na kunionyesha msituni. Ndege alikuwa anaita, sauti mbili tu, ya juu kisha ya chini: ku-kuu, ku-kuu. Kumbe huku ukimsikia ndege yule kwa mara ya kwanza katika mwaka nawe una fedha mfukoni, fedha haikupungukii mpaka mwaka mwingine. Wao wanamwita coucou.

Hadi siku ile nilikuwa nimekaa kijijini miezi saba, na mimi na mzee yule hatujavuka salamu.

Naandika haya kwa sababu sipitishi mwezi bila kupata ujumbe kama huu: "Dada, kazi ya mume imetuleta kijijini Ufaransa, nakufa kwa upweke." Wa Paris wana nafuu yao. Wakichoka wanapanda metro hadi Château Rouge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, wanarudi na mihogo na samaki wakavu, na wameshasikia Kilingala hadi masikio yametosheka. Mimi nipo Brenne, mkoa wa Indre, katikati kabisa ya nchi. Mji mkuu wetu ni Châteauroux, ule uliopokea mashindano ya kulenga shabaha ya Olimpiki ya 2024, na kutoka hapo hadi Paris ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Kutoka kwangu hadi Châteauroux sasa, hapo ndipo utakapojua umuhimu wa gari. Leseni ya nje ya Ulaya huitumii zaidi ya mwaka mmoja tangu uwe mkazi, kwa hiyo usikae ukingoja. Anza kuulizia habari ya leseni wiki ya kwanza.

Mengine ya maisha nayapitia haraka, maana utayajua kwa kuumia kama nilivyoumia. Saa sita hadi saa nane mchana maduka yamefungwa, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Ofisi ya meya ya kijiji kidogo hufunguliwa nusu siku chache tu kwa wiki. Soma karatasi iliyobandikwa mlangoni kabla hujaanza kugonga. Kuni agiza majira ya joto, zije zikiwa zimekauka. Nilizinunua Novemba, zikanitolea moshi na machozi mpaka Februari.

Lakini salamu sitaipitia haraka. Sisi watu wa pwani tunajiona mabingwa wa salamu, nami nilifika na Kifaransa cha vitabuni, nikaingia dukani kwa mwoka mikate nikaanza moja kwa moja, kwa adabu zangu zote, "Ningependa mkate mmoja, tafadhali." Yule mama akanitazama, akasema polepole, "Bonjour." Nikarudia ombi. Naye akarudia bonjour. Foleni nyuma yangu imenyamaza. Huku ukiingia mahali bila kutamka neno hilo kwanza ni kama umepita barazani kwa watu bila hodi. Hata useme tafadhali mara kumi, umeshaharibu. Ila isalimie nafsi moja mara moja kwa siku. Ukimsalimia mtu asubuhi kisha mchana ukamwambia tena bonjour, anadhani umemsahau. Kwetu Pangani tungesalimiana mara nne na kila mara tukaulizana habari za watoto.

Sasa ndege. Baada ya ile senti hamsini, mzee alianza kuniita kwenye uzio kila alipoona kitu. Siku moja akaniletea darubini yake ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa sijui ndege hata wa kwetu, ukiniondolea kunguru, njiwa, na mwewe wa kuiba vifaranga. Ila niligundua jambo: akinieleza habari ya karatasi za bima sielewi kitu, akinieleza habari ya ndege naelewa yote, kwa sababu kile anachokisema kipo mbele ya macho yetu, na asipoweza kukisema anakiiga kwa mikono na mdomo. Kifaransa changu kimejengwa hivyo, ndege mmoja mmoja. Nilijua jina la mdomo, mkia, ubawa, kiota na tope kabla sijajua kusema "nyaraka".

Na mahali penyewe pamejaliwa. Brenne ni nchi ya mabwawa, maelfu. Ardhi ni ya mfinyanzi, haifai sana kwa kilimo, ndiyo maana tangu Zama za Kati watawa na mabwana wa ardhi walijenga kingo, wakazuia maji, wakafuga samaki. Samaki mkubwa wa hapa ni carpe, na hadi leo mabwawa hutolewa maji majira ya baridi, watu wakaingia na nyavu. Siku ya kutoa maji usiikose ukialikwa. Yangeyange na makorongo wanajipanga kwenye matope kama abiria wanaosubiri basi la mwisho. Bwawa kubwa kuliko yote linaitwa, usicheke, Bahari ya Shamu. Wanasimulia kwamba bwana mmoja aliyerudi kutoka Vita vya Msalaba ndiye aliyelipa jina hilo.

Ujue lakini kwamba mabwawa mengi ni mali ya watu binafsi, na uzio wa huku si wa mapambo. Kwa anayeanza, nenda kwenye hifadhi ya Chérine, au kando ya bwawa la Gabrière, ambalo unaliona ukiwa barabarani. Hifadhini kuna vibanda vya mbao vya kujifichia, vyenye vidirisha vyembamba vya kuchungulia. Ingia, kaa kimya, zima mlio wa simu. Mara yangu ya kwanza nilikaa dakika ishirini nikiona matete na maji tu, nikaanza kuwaza mboga ya jioni. Kisha jicho likazoea. Juu ya majani ya yungiyungi yanayoelea kulikuwa na buabua, ndege wadogo wa jamii ya shakwe wenye kofia nyeusi, na mmoja alipoinuka nikaona amelalia mayai pale pale juu ya majani, na bwawa zima likitikisika chini yake. Nimezaliwa ufukweni, buabua nimewaona tangu utotoni wakipiga mbizi nyuma ya ngalawa. Sikuwahi kujiuliza wanatagia wapi.

Jioni nilimpigia mama simu kumweleza. Akaniuliza, "Hao ndege mnawala?"

"Hapana mama, tunawatazama tu."

"Mnawatazama wafanye nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Darubini ya kununua, fuata namba. Tafuta iliyoandikwa 8x42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na zile za kukuza mara ishirini. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anarukaruka hata hajaruka. Simuni weka programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni ya bure, inasikiliza mlio na kukutajia jina. Nzuri, ila usiitangulize kwa jirani. Ukijibiwa na simu, nani tena atakuja mbio kwenye uzio?

Na sasa tahadhari, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Mtu mgeni, mweusi, amejibanza kwenye vichaka akielekeza darubini upande ambao kuna nyumba: jiweke nafasi ya mwenye nyumba. Mwaka wa pili mtu alipiga simu, wakaja askari wawili. Walikuwa na adabu, lakini nilitetemeka kama niliyekamatwa na mali ya wizi. Nikawaonyesha daftari langu la majina ya ndege, mmoja akanisahihishia herufi. Tangu hapo, nikienda njia mpya naanza na ofisi ya meya: naitwa fulani, nakaa pale, natazama ndege. Habari inatangulia mbele yangu.

Kubwa zaidi ni uwindaji. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna bunduki maporini, na Jumapili ndiyo siku yao hasa. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachowaka, ukiona ubao wa tahadhari njiani geuka, na uliza kijijini siku gani wanawinda wapi. Wawindaji wenyewe ni hawa hawa majirani, watakujibu bila hiyana. Aliyenionyesha makorongo wa kijivu wakipita Novemba, mistari mirefu angani na kelele zao unazisikia ukiwa ndani madirisha yamefungwa, alikuwa mwindaji.

Kwenye banda langu la kuni wamejenga barawai. Wanafika mwishoni mwa Machi au Aprili, wanaondoka Septemba. Ukiona kinyesi chao kinachafua ukuta usithubutu kubomoa kiota, hata kitupu. Sheria inawalinda, na adhabu inafika hadi miaka mitatu jela na faini ya euro 150,000. Tundika ubao chini yake, basi. Mwanzoni nilikuwa nawaaga kila Septemba, "Nisalimieni Pangani." Mzee akanivunja moyo: barawai wa huku wengi huishia Afrika Magharibi na ya Kati. Korongo weupe nao hivyo hivyo, wa Ulaya ya magharibi huvuka Gibraltar kwenda Saheli, na wanaofika kwetu Afrika Mashariki ni wale wa upande wa mashariki wa Ulaya, wanaopitia Bosforasi na bonde la Nile. Nilinuna siku mbili. Naendelea kuwatuma salamu, labda zitapokewa Kisangani.

Ukiwa huna gari, huna kizibao, huna darubini, anzia dirishani. Wikiendi ya mwisho ya Januari watu nchi nzima huhesabu ndege wa bustanini kwa saa moja, katika zoezi la LPO, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1912. Unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa pamoja ya kila aina, ili yule yule mmoja usimhesabu mara tano. Mbegu za alizeti wawekee kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi. Mkate usiwape. Chai yako pembeni, blanketi miguuni, na jirani yupo upande wa pili wa uzio anahesabu wa kwake. Saa ikiisha mnalinganisha, na hapo utabishana Kifaransa kuliko darasa lolote lilivyokufundisha.

Ile senti hamsini niliitunza. Siku hizi ikifika mwisho wa Machi naweka sarafu kwenye kila vazi lenye mfuko, nisije nikakutwa mtupu. Mwaka juzi mashine ya kufulia ikagoma. Fundi akaifungua, akatoa senti hamsini kwenye bomba, akanitoza euro themanini. Nilipomweleza ilifikaje humo hakucheka. Alijipapasa mfukoni kwanza.