Kabla hujapeleka hio barua ya kufunga mabaa Ijumaa Kuu na Idi

Ndugu yangu simama hapo hapo, hio barua usiipeleke. Nimekusoma vizuri, unasema vijana wa kanisa na vijana wa msikiti huko Tororo mmekubaliana kuomba sabukaunti, yaani serikali ya mtaa iliyo chini ya wilaya, ipige marufuku kuuza pombe Ijumaa Kuu, Pasaka, Idi zote mbili na Krismasi, alafu unatuuliza muongeze siku gani, faini iwe shilingi ngapi, hoteli za wageni zifungwe ama ziachwe, na nani asaini wa kwanza. Mimi nlikuwa katibu wa kamati kama yenu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, barua niliiandika kwa mkono wangu, na hio rasimu uliyobandika ni kama umeinakili kwetu, hata ile "kwa kuheshimu siku takatifu za Mwenyezi Mungu" umeiweka pale pale tulipoiweka sisi, mstari wa kwanza.

Itoe. Dini isionekane popote kwenye hio karatasi. Omba saa za kuuza, omba umbali na shule, omba watoto wasiuziwe wala kutumwa pombe, omba kelele zizimwe usiku, na uombe mwaka mzima. Siku ya dini usiitaje.

Na mtu asije hapa akasema natetea biashara. Mimi nimeokoka, pombe sinywi, sina baa, sina hata shemeji mwenye baa. Ijumaa Kuu kwangu ni kufunga na kuomba mpaka jioni na huwa naumia nikipita stendi nikisikia spika zinalia saa tisa ile ile. Hilo jambo linanichoma mpaka leo, ndo maana nliingia kwenye ile kamati.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Tulikuwa na kansala mmoja, yaani diwani, anajua kila kitu, akatuambia msisumbuke na mambo ya sheria ndogo, hizo zinachukua muda, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akigonga muhuri basi, hio ni amri, kila mtu atatii. Tukamwamini, mtu amekaa kwenye baraza miaka yote hio utambishia nini. Uongo mtupu! Sheria ya serikali za mitaa inasema wazi, baraza linaweza kutunga sheria ndogo ndio, lakini lazima baraza lenyewe likae, lijadili, lipitishe, alafu ipelekwe juu wilayani waiangalie kama haigongani na katiba na sheria zingine. Barua ya LC1 yenye muhuri ni barua tu. Mwenye baa akiichana mbele yako huna pa kumpeleka. Kansala alijua hilo, sio kwamba hakujua, alitaka tu aonekane kanisani kabla ya uchaguzi, na msimu wa kampeni ulipofika nilimuona kwa macho yangu anawanunulia vijana waragi, ile pombe kali, pale pale karibu na soko. Nikimkumbuka damu inachemka.

Haya, barua ikatoka Jumatano ya wiki takatifu, ikasomwa kwa spika juu ya boda, mtaa kwa mtaa. Jumatano! Kuna mama mmoja mjane kwenye mtaa wetu anapika malwa, pombe ya ulezi, na kama hujui malwa inavyotengenezwa ngoja nikwambie kwa sababu hapo ndo tuliharibu kabisa. Unga wa ulezi unachachushwa, unakaangwa kwenye kipande cha bati, unaanikwa, alafu unatiwa maji na kimea, na unangoja siku kadhaa uive. Ukishaiva haungoji mtu. Usipouza, unakuwa mkali mpaka hakuna anayeweza kuweka mrija mdomoni. Huyo mama alikuwa ameanza kazi yake kabla sisi hata hatujakaa kikao, amepiga hesabu ya watu wanaorudi nyumbani Pasaka, na ulezi wenyewe alichukua kwa mkopo.

Ijumaa tumetoka Njia ya Msalaba, vijana wetu wengine bado wameshika matawi, wakaingia kwake. Mirija ilikuwa bado imeegemea ukuta, hakuna mteja hata mmoja, yule mama anachemsha maji tu kwenye sigiri. Wakapindua vyungu. Machicha ya ulezi yakamwagika mpaka kwenye mlango wa jiko, kuku wakavamia wakaanza kudonoa, chungu kimoja kikapasuka kabisa, na mama akatoka anapiga kelele mtaa mzima ukajaa. Na alichosema ndo kilitumaliza: "Mimi ni Mkatoliki, nimefunga kama nyinyi, leo hapa sijamuuzia mtu, hii ni ya Jumapili! Nani amewapa Ijumaa Kuu iwe yenu?" Nlikuwa nimesimama pale na daftari langu la katibu.

Akaenda polisi, na alikuwa na haki. Afande akatuita, akasema nionyesheni sheria. Nikatoa barua. Akaisoma, akaigeuza nyuma aone kama kuna kingine, akauliza, muhuri wa LC tu? Alafu akatuambia kwamba kwenye hio hadithi yote kosa la jinai analoliona ni moja tu, la kuharibu mali ya mtu. Tulilipa vyungu, tukalipa ulezi, tukalipa na kile alichotegemea kupata, na hela ilitoka kwenye mchango wa viti vya kanisa. Kansala simu kazima. Yule mama mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, mimi ndo nashindwa kumtazama, na watu wake wa jumuiya ndogondogo walikaa muda mrefu hawaji kwenye shughuli yetu yoyote, hata matanga. Sisi tulitaka kuheshimu siku ya Bwana, tukazaa ugomvi wa Wakatoliki na walokole uliokuwa haupo.

Lakini ukisema tatizo ni wale vijana kukosa adabu utakuwa hujanielewa. Vijana walikosea, ndio, ila kosa lilianza kwenye ule mstari wa kwanza, maana ukishaandika siku takatifu swali linalofuata ni takatifu kwa nani.

Tulimwendea sheikh mapema kumuomba asaini, tukamwambia tumewawekea na Idi, tukadhani tumemletea zawadi. Mzee wa watu akatukaribisha chai, akasoma pole pole, akasema: wanangu, pombe kwangu ni haramu siku zote za mwaka, iko kwenye Suratul Maida, sasa mnataka nisaini kwamba ni mbaya siku ya Idi tu, hizo siku zingine nitakuwa nimezihalalisha mimi? Hatukuwa na jibu. Akaongeza kwamba akiomba yeye itabidi aombe Ramadhani yote, je sisi tutakubali? Tukaangaliana. Alafu Wasabato wakasikia, wakasema basi na Jumamosi iwekwe, na wana haki kama wewe unayetaka Jumapili. Hesabu mwenyewe, Ijumaa ya hawa, Jumamosi ya hawa, Jumapili ya hawa, bado tarehe 3 Juni ya mashahidi wa Namugongo, bado siku ya Askofu Luwum mwezi wa pili. Utabakiza nini? Na katekista akaja na lake, kwamba tumeandika "kileo cha aina yoyote kisinywewe" kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, je faza afanye nini na divai ya misa ya mkesha wa Pasaka? Watu walicheka kwenye kikao lakini alikuwa anauliza kweli, na barua ilivyoandikwa faza alikuwa mkosaji.

Kuna mtu mwingine aliyekujibu ameandika kwamba hii nchi kaulimbiu yake ni Kwa Mungu na Nchi Yangu kwa hio sheria ya dini inafaa. Ndugu, katiba hio hio ya 1995 ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Mwanasheria wa mwenye baa ataanzia hapo na hatatoka hapo. Sasa ukiandika kwamba baa isifunguliwe asubuhi kwa sababu watoto wanapita kwenda shule, atasema nini?

Na hata nje wameyapitia haya. Marekani wana sheria za kufunga biashara Jumapili tangu enzi za mababu zao, zikapelekwa mahakama kuu kabisa mwaka 1961, kesi ya McGowan na jimbo la Maryland, na zikapona. Zilipona kwa sababu majaji walisema siku hizi kazi yake ni kuwapa watu wote siku moja ya kupumzika, sio kuwalazimisha ibada. Ireland, nchi ya Wakatoliki haswa, walifunga pabu Ijumaa Kuu kwa sheria ya 1927 mpaka wakaifuta wenyewe 2018, na miaka yote hio mgeni wa hoteli anayekula chakula aliweza kunywa, abiria wa treni aliweza, na mtu wa kawaida alinunua zake Alhamisi akaweka nyumbani. Thailand nao wanafunga siku kubwa 5 za Kibudha, na mwaka 2025 wakaachia viwanja vya ndege, hoteli na kumbi za starehe. Ona nani anabaki amefungiwa kila mahali. Ni yule mama wa chungu.

Hapa Busia ndo kabisa. Unafunga upande huu, mtu anatembea dakika chache anavuka kupitia mtaa wa Sofia pale mpakani yuko Kenya, na kule sikukuu baa zinaruhusiwa saa nane mchana mpaka saa tano usiku. Boda siku hio walichuma. Wanaume waliokuwa wanalewa mita chache kutoka kwenye mlango wao walirudi usiku kwa njia za panya, wengine hawakurudi mpaka Jumamosi, na wake zao ndo walitulaumu. Tororo hamko mbali na mpaka wa Malaba, kwa hio usiniambie kwenu itakuwa tofauti. Na wasiovuka walinunua Alhamisi. Banange, si tulijifunza kwenye korona? Mabaa yalifungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022, na jeshi barabarani, na watu walikunywa kwenye vyumba vya nyuma muda wote huo. Wewe na muhuri wa LC utawaweza?

Mheshimiwa Sarah Opendi ni wa Tororo kwenu huko, muswada wake wa kudhibiti pombe wa 2023 ulitaka siku za kazi iuzwe saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, wikendi na sikukuu saa sita mchana mpaka saa sita usiku. Haukupita, najua, wabunge walilia na kodi na viwanda. Lakini tazama ulivyojengwa, siku ya dini haina nafasi yake peke yake mle, ni saa na afya. Hakuna sheikh aliyeulizwa anahalalisha nini na hakuna Msabato aliyesema kasahauliwa. Hio ndo lugha ya kuiga. Unaweza kushindwa na pesa leo ukarudi mwakani na hoja ile ile, ila ukishindwa kwa sababu umegombanisha makanisa hurudi tena.

Na kuna vitu vinaua watu kweli ambavyo kalenda haivigusi. Kule Kabale mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli, ambayo ni sumu. Sasa iyo methanoli inajua leo ni Krismasi ama Jumanne? Hapo kwenu kuna waragi inauzwa kwenye chupa za maji bila lebo, najua kwa sababu na hapa ipo. Anzia hapo. Nakuhakikishia ukienda na hio hata wenye baa wenye leseni watasaini, maana wale wanawaharibia soko, na yule mpika malwa naye atasaini kwa sababu yeye hauzi sumu. Mkaribisheni kikaoni kabla ya kumuandikia barua, sisi hatukumkaribisha.

Siku zenu takatifu mzilinde kwa njia yenu. Faza, mchungaji na sheikh watangaze kwa waumini wao, waende wenyewe kwa wenye baa wawaombe wazime spika saa za ibada. Sisi mwaka uliofuata tulifanya hivyo tu, tukaenda kwa heshima bila karatasi, na wengi karibu na kanisa walizima muziki kuanzia saa sita mpaka ibada ikaisha. Mmoja tu alikataa, nadhani mpaka leo ana hasira za ile barua na simlaumu.

Kwa hio umesema kikao chenu ni Jumapili baada ya ibada. Usikiite hapo kanisani, kitafutieni shule ama chini ya mwembe kwa mwenyekiti. Futa mstari wa kwanza, futa na ile orodha ya siku, andika upya, alafu ibandike hapa kabla haijagongwa muhuri wowote ntaipitia neno kwa neno. Na ukiambiwa na kansala yeyote kwamba baraza halina haja ya kukaa, muulize jina lake litakuwa kwenye risiti ya vyungu ama vipi.