Mlipuko wa Australia ulisikikaje Bermuda?

Umeuliza inakuwaje baruti ilipuliwe baharini karibu na Australia halafu isikike Bermuda, visiwa vya Atlantiki, upande wa pili wa dunia. Jibu liko kwenye kina cha bahari. Ukishuka kutoka juu, maji yanazidi kuwa baridi na sauti inapunguza mwendo. Ukiendelea kushuka, baridi haibadiliki sana tena, ila mgandamizo unapanda, nao huiongezea sauti kasi. Kwa hiyo katikati, sehemu nyingi kwenye mita 1,000 hivi, kuna tabaka ambalo sauti huenda polepole kuliko juu yake na chini yake. (Lakini ni polepole kwa kipimo cha bahari tu: ni karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.)

Na sauti daima hupinda kuelekea mahali ambapo mwendo wake ni mdogo. Ikipanda, inarudishwa chini. Ikishuka, inarudishwa juu. Inasafiri ikipinda hivyo kama nyoka, bila kugonga mawimbi wala sakafu, ambako ingepoteza nguvu nyingi. Tena mlio mzito haunyonywi sana na maji.

Mwanasayansi Mmarekani Maurice Ewing alishaithibitisha njia hii miaka ya 1940. Jaribio unalolitaja ni la 1960, baharini nje ya Perth, mji wa magharibi mwa Australia: sauti ilisafiri karibu kilomita 20,000 kwa muda wa saa 3 na dakika 40 hivi. Mimi hadi leo nikiifikiria safari ile nasisimka.