Wasimamizi watatu, ndoo moja: maswali yenu ya utafiti wa pamoja

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaofanya utafiti unaovuka idara. Yale ya "naomba unipe mada" nimeyaweka kando. Mada haigawiwi kama peremende.

Tuko watatu: uhandisi wa maji, uuguzi na sosholojia. Tunachunguza maji ya visima mtaani. Kila mmoja ana msimamizi wake na kila msimamizi anataka lake. Tumsikilize nani?

Shida yenu imeanzia kwenye swali, si kwa wasimamizi. "Kuchunguza maji ya visima" ni kapu tu, kila mtu anatumbukiza chake. Mhandisi atapima bakteria kisimani, muuguzi atahesabu watoto walioharisha, mwanasosholojia atauliza nani huteka maji, halafu mtabana kurasa kwa stepla na kuziita utafiti mtambuka. Ulizeni hivi: maji yanachafuka wapi kati ya kisima na kikombe? Hilo hakuna atakayelijibu peke yake. Kila kaya itoe sampuli mbili, moja ya kisimani inakoteka na moja ya ndoo ya kunywea. Maabara ikisema kisima ni safi na ndoo ina kinyesi, anayejua kwa nini kata iliyotoka kwenye ndoo huwekwa sakafuni ni yule aliyekaa na mama mwenye nyumba akamsikiliza.

Kisha kubalianeni maneno. "Kaya" ni wanaolala pamoja au wanaokula chungu kimoja? "Kuharisha" ni choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, na mzazi aulizwe wiki mbili zilizopita tu. Zaidi ya hapo anabahatisha.

Wasimamizi wote watatu wakae meza moja kabla ya andiko, baada ya kujaribu dodoso, na kabla ya uchambuzi. Mmoja awe kiongozi, na iandikwe. Someni pia mwongozo wa kila idara, maana nyingi zinataka kila mwanafunzi awe na ripoti yake. Hapo ndipo watu hunaswa: sura ya mbinu ikiwa ile ile neno kwa neno, Turnitin, ile programu ya kunasa maandishi yaliyonakiliwa, inahifadhi ya kwanza na kuwashika wawili wanaofuata. Kila mmoja aiandike kwa maneno yake na aseme wazi kuwa data ni ya pamoja.

Tumemaliza fildi, lakini matokeo ya maabara hayaungani na dodoso. Kuna programu ya kutusaidia?

Kama chupa zilitoka kaya hizi na mahojiano kaya zile, hakuna programu. Mna tafiti mbili, ziandikeni hivyo.

Kama kaya ni zile zile, angalieni namba. Kwenye simu mliandika 007 kama maandishi, maabara ikaichapa kwenye Excel ikawa 7. Kompyuta haijui kuwa ni kaya moja. Msimbo uanze na herufi, K007, na mateso hayo yanaisha. Kosa jingine ni kuandika namba kwenye kifuniko, na vifuniko hubadilishana mezani pa maabara. Andikeni ubavuni mwa chupa, kwa wino usioyeyuka, kabla haijalowa kwa barafu.

Sampuli ngapi zinatosha?

Swali la kila wiki, na kila wiki linakuja bila kusema sampuli za nini. Kanuni ya Yamane mnayoinakili ni ya kukadiria uwiano katika kundi ambalo idadi yake inajulikana, ukichagua kwa bahati nasibu: kaya 400, kosa la 0.05, unapata 200. Haihusu mahojiano ya kina, wala haiwapangii chupa.

Kwa chupa, muulizeni kwanza mtu wa maabara anapokea ngapi kwa siku. Akisema 20, mtatembelea kaya 9: chupa 18, na 2 za kudhibiti zenye maji yaliyotakaswa, zisafiri kasha moja na nyingine. Kaya 90 ni siku 10 za kazi, si wikiendi mbili. Tokeni alfajiri, sampuli ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana, isivuke 24. Kama watu wanatia dawa ya klorini kwenye maji, chupa iwe na sodiamu thiosalfeti, la sivyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na karatasi ya majibu inakuwa safi kuliko ndoo. Klorini yenyewe pimeni pale pale uani.

Tuanze kukusanya data huku tukisubiri kibali cha maadili?

Hapana. Kamati hairudishi tarehe nyuma. Na kwenye andiko lenu semeni nani atairudia kaya yenye ndoo chafu kuiambia, na lini. Andiko lisilo na hilo ningelirudisha.

Msimamizi wangu hajibu ujumbe.

Ulimtumia "Shikamoo dokta, naomba mwongozo" na kurasa 48. Atajibu nini? Tuma ukurasa mmoja: ulichomaliza, ulipokwama, njia mbili unazoziona, unayoipendelea, na siku unayohitaji jibu. Akinyamaza wiki mbili, mwandikie mratibu wa tafiti wa idara kwa adabu, nakala kwa msimamizi. Usimseme kwenye grupu la darasa.

Akili mnemba ituandikie mapitio ya maandiko?

Huweza kutunga makala zisizokuwepo. Mkishindwa kuniletea hata makala moja kati ya mlizozitaja, msiseme hamkuonywa.

Tukichapisha, jina la nani litangulie?

La aliyebeba sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu, awe mwanafunzi au profesa. Kutoa fedha au kufungua mlango wa maabara hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Huyo anashukuriwa mwishoni. Pangeni majina kabla ya fildi, kwenye karatasi ile ile mliyomwandika msimamizi kiongozi, wote sita mtie saini.