Muulize Bibi wa Safari: Sita kwa Noah moja, hadi Soni na kurudi

SWALI: Shikamoo Bibi. Tuko sita, tunafanya kazi ofisi moja hapa mjini Tanga. Mwenzetu mmoja kahamia kutoka Dodoma, na tangu afike hatupumui: zabibu za kwao, mvinyo wa kwao, ati sisi watu wa Tanga tunachokijua ni mnazi tu. Tumesikia huko Lushoto kuna mapadri wanatengeneza mvinyo. Tunataka Jumamosi moja, kwenda na kurudi, tuone na ile miji ya kale ya bara: Korogwe, Vuga, Lushoto, Mlalo, na tukirudi tupitie Amani. Itawezekana?
Wa Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu ufute Amani, halafu ufute Mlalo. Amani iko Usambara ya Mashariki, unapandia Muheza. Lushoto iko Usambara ya Magharibi, unapandia Mombo, na katikati limelala bonde la Lwengera. Kwenye ramani ni chanda na pete, kwenye tairi ni siku nyingine. Mlalo nako ni mbele ya Lushoto kwa njia ya mlimani, na mtu aliyetoka Tanga alfajiri hiyohiyo, Mlalo atakuwa amelala kwenye kiti. Zinabaki Korogwe, Vuga, Soni na Lushoto, na Korogwe mtaisalimia kwa honi.

Hiyo idadi yenu ya sita msiiongeze, hata akija binamu wa mtu kulia mlangoni. Tangu nistaafu kufundisha historia nimekuwa nikipeleka watu njia hiyo, sita au saba kwa Noah, na mara moja tu nilijitia tamaa nikakubali Coaster nzima. Kosa la kwanza langu, sikupiga simu mbele. Kosa la pili langu vilevile, tulifika Sakharani, kwa hao watawa wenye mvinyo, saa 6 mchana, wako kwenye sala. Watu ishirini na kitu tumesimama uwanjani, mwenye funguo ni mmoja, wengine wanauliza choo, wengine wanapiga picha maua, na alipotoka yule bruda, mpole kweli, alitutazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta maandamano. Nusu ya watu hawakuonja chochote. Watu sita wanakaa meza moja, wanaulizana, wanasikia wanachoambiwa.

Ondokeni saa 11 alfajiri. Muheza mtaipita gizagiza, machungwa mtanunua mkirudi. Kama kuna mpenda reli kati yenu, mwambieni aangalie nje: ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Miaka tisa kufika Korogwe, mahali ambapo ninyi mtafika chai ya chupa haijapoa. Kunyweni hiyo chai Mombo, lakini msishibe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Mwenye tumbo jepesi akae mbele na kipande cha tangawizi mdomoni. Mimi hubeba na mifuko, siwaambii watu mpaka wakati wake ufike.

Sasa Vuga, jirani na Soni. Huko ndiko walikokaa wafalme wa Wakilindi, waliotawala Usambaa. Msiende mkitegemea kasri, ngome wala mlango wa nakshi kama wa Pangani. Mji ule ulikuwa wa miti na majani, umezungukwa na migomba, na miti na majani haviachi magofu. Ndiyo maana wengi hushuka garini, wakageuza shingo mara mbili, wakauliza, "Ndiyo hapa?" Ndiyo hapa. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka milima ya Unguu. Aliwaondolea Wasambaa nguruwe waliokuwa wakiwamalizia mashamba, akawagawia nyama, akaua simba, wakamtawaza. Mpaka leo Msambaa akikutajia "Simba Mwene" anakutajia cheo cha mfalme. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa baadaye aliyefariki mwaka 1862, alifikisha mkono wake mpaka huku kwetu pwani, akiweka watu wake Tanga na Pangani, huku Sultani wa Unguja naye akiweka wake. Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, alipanda Vuga mwaka 1848 akarudi tena 1852. Mwaka 1857 wakaja Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, wakamkuta Kimweri mzee sana. Wote hao walipanda kwa miguu, na nyinyi mtaniandikia kulalamika kona. Tafuteni mzee wa palepale awatembeze, mpeni ahsante yake, na mumwache aseme. Saa moja inatosha.

Halafu ndipo mwende Sakharani, na hapa nitakaa kidogo.

Sakharani ni shamba la watawa wa Kibenediktini, jirani na Soni, liko chini ya Abasia ya Ndanda, ile ya Mtwara. Wanatengeneza mvinyo, wana na miti ya makadamia. Sasa lisome jina lenyewe. Wazee wetu wa pwani, mtu akilewa, wanasema kawa sakarani. Miaka yote wageni wangu wakilisikia hucheka, wakadhani watawa ndio waliojitania. Jina ni la kabla yao. Lilikuwa la afisa wa Kijerumani, Tom von Prince, mzaliwa wa Mauritius wa mwaka 1866, ambaye askari walimwita Bwana Sakarani kwa namna alivyokuwa akiingia vitani, kama mtu aliyelewa. Ndiye aliyeivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwaka 1893, na ndiye aliyepambana na Mkwawa huko Uhehe. Alipoacha jeshi akaja kulima Usambara, na shamba likabaki na jina lake la utani.

Kisha vita vikaja. Novemba 1914 Waingereza wakashusha majeshi kutoka India hapahapa Tanga, ile vita tunayowasimulia watoto kwa nyuki waliowavamia wapiganaji. Sakarani akateremka na wenzake walowezi kuja kupigana, na tarehe 4 Novemba akauawa katika mitaa ya mji huu. Kwa hiyo kabla hamjasafiri, jioni ya Ijumaa mkitoka kazini, piteni yale makaburi ya Wajerumani mjini, ambako Wajerumani wamelazwa pamoja na askari wao weusi. Mtu akishaona Tanga alikoishia Sakarani, kesho yake akafika Soni alikokuwa akilima, glasi ya mvinyo inakuwa na maneno ya kusema. Mimi sikumpenda kamwe, msinielewe vibaya, mtu aliyevunja ngome za watu. Lakini historia niliyofundisha miaka 30 ilikuwa na wengi nisiowapenda.

Na huyo ndugu yenu wa Dodoma msigombane naye. Zabibu zao zinakaa kwenye jua kali na ukavu, wanavuna mara mbili kwa mwaka, wana haki ya kujisifu. Soni ni baridi, ukungu, mvua, sweta. Hali hizo mbili hazizai kinywaji kimoja, mwacheni aonje akiwa ametulia. Mkimaliza pandeni Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao. Tembeeni sokoni, kula, geuzeni. Saa 10 alasiri gari liwe linatazama chini. Ukungu ukiwakuta kwenye zile kona mtamkumbuka kila mliyemkosea.

SWALI: Bibi, mimi ni miongoni mwa hao sita lakini naandika kivyangu. Mimi ni Muislamu, sinywi, na sitaki kuwa yule anayekaa garini amenuna wenzake wakionja. Nisiende?
Binti wa Makorora

JIBU: Nenda, mwanangu. Mimi mwenyewe ni wa Ngamiani, najitanda mtandio wangu na nimeingia Sakharani mara nisizozihesabu, na tone halijagusa ulimi wangu. Wanywaji hawana muda na mtu, wanatazama glasi. Wewe nunua makadamia, uulize miti inapandwaje, uzunguke bustani. Watawa ni watu wa kuongea wakishaona husukumi.

Kabla ya kuingia Lushoto mjini kuna Ubiri, kwa masista wa Montessori. Wao wana mvinyo wa ndizi, huo waachie wenzako, lakini wana jamu na jibini. Ukibahatika na nafasi, mwambie dereva awafikishe Irente. Pale pana shamba la Walutheri lenye mkate mweusi wa rai na jibini, na mbele kidogo ardhi inakatika ghafla, unatazama Mazinde chini kama unatazama kutoka dirisha la ndege, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na nyika imejinyoosha mpaka macho yachoke. Mazinde ilikuwa ya Semboja, mwana wa Kimweri, aliyeuacha mlima akakaa bondeni misafara ilikokuwa ikipita, kwa sababu biashara ilikuwa huko. Mimi pale humaliza nusu saa bila kusema neno, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo.

Msimu wa matunda, Desemba mpaka Februari hivi, utarudi na plamu na mapichi ndoo nzima. Hapo utaona nani anakuomba nani.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mvinyo unaonjwaje? Sitaki kuonekana mshamba mbele ya watawa. Na je, husemwa mvinyo, divai au waini?
Mgosi wa Raskazoni

JIBU: Marahaba. Kwa maneno anza. Mvinyo tulipewa na Wareno, wao husema vinho. Divai ilikuja na mapadri wa Kifaransa, ndiyo maana kanisani utaisikia zaidi. Waini ni ya vijana. Watakuelewa kwa yote matatu.

Kuonja unakujua tayari, ila hujui kama unakujua. Babu yangu hakuwa mnywaji lakini alikuwa na minazi, na mgema alipoteremka na kibuyu alfajiri, wanunuzi walifanya hivi: walilitazama tembo rangi na povu, wakasogeza pua, ndipo wakapiga funda dogo, wakalizungusha mdomoni wakiwa wamefumba macho. Kisha bei. Kwa mvinyo ni hivyohivyo. Mimina kidogo, usijaze glasi. Itazame mbele ya kitu cheupe, hata karatasi. Itikise izunguke, unuse, kisha funda moja. Ukiona uchachu unakusisimua pembeni mwa ulimi, au ukakasi unakukausha fizi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, si lazima uwe umeharibika, mvinyo mwingine ndivyo ulivyo. Kati ya mmoja na mwingine kula mkate. Hayo yote nimeyajua kwa kuwatazama wengine na kuwauliza, na nimeambiwa nayaeleza vizuri kuliko wanaokunywa.

Tofauti kubwa ni subira. Tembo la asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, ukiliacha siku chache unatia siki kwenye kachumbari. Mvinyo husubiriwa miezi. Ndiyo maana mtu akikutilia maji kwenye tembo utamgundua leo jioni, na msemo wa mgema na sifa zake unaujua.

Chupa utakazonunua usiziweke nyuma ya kioo cha gari. Kutoka Mombo mpaka Segera joto linapika. Zifunge kwenye kanga, zilaze miguuni chini ya kiti, na ukifika nyumbani ziweke mahali penye giza, si juu ya friji.

SWALI: Bibi, dereva wetu ni shemeji yangu, Noah ni yake. Anasema kuonja si kunywa, na atapiga funda mbili tu. Nimwambieje, na ni shemeji?
Wa Chumbageni, tena

JIBU: Ushemeji uishie Mombo. Mara moja nilikuwa na dereva wa funda mbili. Kurudi, kwenye kona ya pili chini ya Soni, akalikaribisha lori kana kwamba barabara ni ya baba yake. Hakuna aliyeumia. Nilimwambia asimamishe, nikachukua funguo nikazitia kwenye pochi, tukalala Soni watu saba vyumba vitatu, na asubuhi nikalipia vyumba kwa hela yangu kwa sababu mimi ndiye niliyenyamaza nilipomwona na glasi.

Mwambie shemeji, kwa adabu na mbele ya wote, kabla hamjatoka Tanga, kwamba chupa yake mtamnunulia ninyi. Ifungwe kwenye kanga na za wengine, aifungue akishaegesha uani kwake.