Rejeksi isiyoweza kutazama nyuma: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako, na umefanya vyema kuniwekea msimbo wenyewe badala ya kunisimulia. Unauliza kwa nini ukurasa wako unafunguka vizuri kwako, lakini kwa mteja mwenye simu ya zamani unabaki mweupe, na kama chanzo ni mstari huu unaogeuza majina yenye @ kuwa viungo bila kugusa anwani za baruapepe:

`/(?<!\w)@(\w+)/g`

Ndiyo, ni huo. Ile `(?<!\w)` inauliza kama kabla ya @ kuna herufi ya neno (herufi, tarakimu au `_`), na kivinjari cha mteja hakijui kuuliza hivyo. Rejeksi, yaani ruwaza kama hii za kutafuta maandishi, ziliingia rasmi kwenye JavaScript katika toleo la tatu la ECMAScript, kiwango rasmi cha lugha hiyo, mwaka 1999, zikiwa na uwezo wa kutazama mbele, yaani kuuliza kinachofuata bila kukichukua, `(?=` na `(?!`. Kutazama nyuma, kama ulivyofanya wewe, kukasubiri hadi 2018. Chrome ilikuwa imetangulia kidogo, toleo la 62 mwaka 2017. Firefox ikafuata na toleo la 78 mwaka 2020. Safari ikaja na 16.4, Machi 2023. Miaka hiyo yote kila kivinjari kwenye iPhone kililazimika kutumia injini ileile ya Safari, kwa hiyo kumwambia mteja aweke Chrome kusingemsaidia. Na Safari ya simu husonga pamoja na iOS: iPhone 7, kwa mfano, iliishia iOS 15, haitaifikia 16.4 kamwe.

Umesema pia ulizungushia mstari huo `try` na `catch` na haikusaidia. Haiwezi kusaidia. Rejeksi iliyoandikwa kati ya mikwaju (`/`) hukaguliwa wakati faili linasomwa, kabla mstari wowote haujatekelezwa. Kosa likipatikana hapo, faili zima linakataliwa. Ndiyo maana hata vitufe visivyohusiana na majina vimekufa. Ungetumia `new RegExp` na kuipa maandishi, kosa lingetokea wakati wa kutekeleza na `catch` ingelidaka, lakini bado ungehitaji njia ya pili ya kufanya kazi ileile. Basi itumie hiyo ya pili peke yake. Babel nayo, chombo cha kugeuza msimbo mpya uwe wa zamani, usiitegemee hapa, maana haina namna ya kugeuza kutazama nyuma kuwa msimbo wa zamani.

Kwa mstari wako dawa ni fupi: `/\B@(\w+)/g`. Alama za `\b` (penye mpaka wa neno) na `\B` (pasipo na mpaka wa neno) zimekuwa zikitazama pande zote mbili tangu zamani. Kwa kuwa @ si herufi ya neno, `\B` mbele yake inakubali pale tu ambapo kilichotangulia nacho si herufi ya neno, au hakuna kitu kabisa. Ni sharti lilelile uliloandika.

Sasa nikueleze yale utakayokutana nayo kesho, maana si kila sharti litaokolewa na `\B`. Wengi hukimbilia kunasa kilichotangulia na kukirudisha: `(^|[^x])y`, kisha `$1` kwenye maandishi mapya. Mara nyingi inatosha. Tatizo ni kwamba kutazama nyuma hakuli herufi, na kunasa kunakula. Chukua alama za nukuu zisizotanguliwa na mkwaju wa nyuma, `(^|[^\\])"`, uipe nukuu mbili zinazofuatana, `""`. Ya kwanza inapatikana mwanzoni. Ya pili inahitaji herufi ya kutangulia, na iliyokuwapo imekwisha kuliwa, kwa hiyo inarukwa kimyakimya. Hakuna kosa litakaloonekana popote, na hilo ndilo linalonifanya niiogope njia hii kila ninachotafuta kinapokuwa herufi moja.

Ninachokupendekezea ni kukamata vyote viwili, unachokitaka na usichokitaka, halafu fankisheni iamue:

`s.replace(/\\[\s\S]|"/g, m => m === '"' ? '&quot;' : m)`

Mkwaju wa nyuma na herufi inayoufuata vinachukuliwa kama kitu kimoja na kurudishwa vilevile. Nukuu iliyo peke yake inabadilishwa. Tazama uzuri wake: ukiwa na mikwaju miwili ya nyuma kisha nukuu, mkwaju wa kwanza unaulinda wa pili, na nukuu iko huru. Njia hii inalitambua hilo. `(?<!\\)"` ingeona mkwaju tu na kuikataa nukuu halali. Hata kwenye kivinjari kipya kabisa mimi ningeandika hivi.

Sharti likiwa refu zaidi, kumbuka kwamba baada ya makundi yaliyonaswa `replace` huipa fankisheni mahali tokeo lilipoanzia na maandishi yote. Unaweza kujitengenezea kutazama nyuma kwa mkono:

`s.replace(/\d+/g, (m, i, s) => /Na\.\s*$/.test(s.slice(0, i)) ? m : '#' + m)`

Hapa namba zote zinapata `#`, isipokuwa zilizotanguliwa na "Na." Maandishi yakiwa marefu sana, kata herufi ishirini hivi za nyuma tu badala ya kuanzia sifuri, usije ukasoma upya kila kitu kwa kila namba. Ujue pia kwamba matokeo hayalingani kabisa. `(?<!x)\d+` ikikutana na `x123` inaikataa 1, kisha inaanza upya kwenye 2, ambayo haikutanguliwa na x, na kukuletea 23. Fankisheni inaikataa 123 nzima, na nina hakika hicho ndicho ungekitaka.

Utasikia pia ushauri wa kugeuza maandishi kinyumenyume, kutazama mbele, kisha kuyageuza tena. Inafanya kazi, ila rejeksi na maandishi mapya lazima viandikwe kinyumenyume pia, na atakayerithi msimbo wako atateseka. Iache.

Ukimaliza, usipakie kabla ya kupekua faili la mwisho lililokusanywa, pamoja na maktaba ulizozileta kutoka nje. Tafuta `(?<=` na `(?<!`, kwa sababu mstari mmoja wa maktaba ya mtu mwingine unaweza kuufanya ukurasa uwe mweupe vilevile. `(?<` ikifuatwa na jina, kama `(?<mwaka>`, ni kundi lenye jina, na Safari inalielewa tangu 11.1, kwa hiyo liache. Ukikuta kitu usichokielewa, nitumie mstari huo tuutazame pamoja.

Mama yako