Chai nzito ya Jumapili kwa ajili ya changizo: pikeni kile mnachotamani kula wenyewe

Ndugu mleta uzi, habari za Morogoro, na poleni kwa kuuguza. Nimekuelewa hivi: mko kikundi cha majirani mnaopenda kupika, mmeona kina mama wanaouguza watoto hospitalini wakilala kwenye mabenchi na sakafuni, na sasa mnataka kupika Jumapili moja ili mpate hela ya magodoro na shuka. Umeuliza mpike nini, halafu ukauliza kama inawezekana nyie wenyewe mkaifurahia siku hiyo, au mtaishia kuchoka na masufuria. Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu kwa nilivyoona mimi, wapishi wakifurahia, wageni nao wanafurahia, na hapo ndipo pesa inapopatikana.

Mimi niko Dar. Kikundi chetu ni cha kina mama, na wanaume wachache ambao ndio mabwana supu wetu. Tumekuwa tukifanya hivi kwa miaka sasa, safari nyingine kwa ajili ya mgonjwa, nyingine kwa ajili ya madawati.

Neno langu kubwa ni hili: msipike chakula cha kubana matumizi. Kuna watu wanaamini kwamba kwa kuwa hela inakwenda kwa wagonjwa, basi sahani nayo iwe ya huruma. Nimewahi kualikwa kwenye changizo la namna hiyo. Wali umepoa, kipande kimoja cha nyama kimehesabiwa, soda ya moto, na hotuba zimefuatana mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Watu walitoa siku ile, maana mtu akishakaa mbele za watu anaona haya kutotoa. Mwaka uliofuata viti vilikuwa vitupu. Mtu hutoa mara moja kwa haya, lakini akila akashiba akafurahi atarudi, na atakuja na shemeji yake na wafanyakazi wenzake.

Waliosafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi wanalijua hekalu la Sikh pale Makindu. Lilijengwa mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anavua viatu, anafunika kichwa, anaingia na kupewa chakula bure: chapati za moto, dengu, mboga, chai ya maziwa. Hakuna anayekudai. Ukitaka kutoa sadaka, unatoa. Kilichonigusa pale ni kwamba chakula ni kizuri. Kimepikwa na mtu aliyekusudia ule ufurahi. Tangu nile pale, sipendi kabisa kuona neno sadaka likitumika kama kisingizio cha kupika ovyo.

Saa. Chagueni saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana. Waliokwenda misa ya kwanza wanatoka wakiwa na njaa, wasiokwenda kanisani wameamka bila haraka, na hakuna mwenye wasiwasi wa kuwahi daladala ya mwisho. Isitoshe, saa hizo watu wanakunywa chai na kahawa, kwa hiyo gharama ya vinywaji inakuwa ndogo mno ukilinganisha na chakula cha usiku. Hotelini hapa mjini bufee za namna hiyo mwishoni mwa wiki zinauzwa bei kubwa, na nusu ya vyakula vyake ni soseji na mayai. Sisi tuna chai nzito ya kwetu ambayo nikiwekewa pamoja na hiyo ya hoteli, hata siulizi.

Katikati ya meza yangu mimi huwa ni mbaazi za nazi na mahamri. Huko Morogoro msiogope kwamba ni chakula cha Pwani, watu watakipenda. Kilo moja ya mbaazi kavu inatosha watu kumi hivi, kukiwa na vitu vingine mezani. Zichambueni Jumamosi mchana, mziloweke, usiku mzichemshe mpaka ziive kabisa, ziwe zinabonyeka kwa vidole, kisha mziache bila nazi. Tui lisiingie usiku. Kwa joto letu litachacha kabla wageni hawajafika. Alfajiri ndipo mnaweka tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, chumvi, manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, mnaacha zitokote taratibu. Tui la kwanza linaingia mwishoni kabisa, moto mdogo, mkikoroga bila kuacha ili lisikatike. Nazi tatu au nne kwa kila kilo, na msipunguze. Mbaazi zenye tui la kutosha zinang'aa juu, na mgeni akiziona tu anajua leo hakudanganywa.

Mahamri yakandwe kwa tui zito badala ya maji, hamira, sukari kiasi na hiliki iliyotwangwa siku hiyo hiyo. Hapa nyie mmebahatika kuliko sisi. Viungo vya Uluguru, vya Matombo na Kinole, viko mlangoni kwenu: hiliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Nunueni hiliki nzima, mmenye na kutwanga wenyewe. Ya unga ya dukani mara nyingi harufu imeshakwenda.

Na tafadhali, mahamri yakaangwe mbele za watu. Hilo nalisisitiza. Wekeni karai nje, upande ambao upepo unakwenda kwa wageni, na mpishi ambaye mkono wake haukosei. Mtoto akiliona hamri linafura na kugeuka ndani ya mafuta, hatoki pale. Vitumbua vivyo hivyo: mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, hiliki na hamira, ukaumuka, kisha unamiminwa kwenye chuma cha vitumbua mgeni akiwa amesimama na sahani yake. Kwa mchele wa Kilombero mlio nao huko, natamani ningekuwa karibu.

Supu mwachieni mtu mmoja, asiingiliwe. Kwetu ni fundi magari ambaye anafika saa kumi na moja alfajiri, anawasha kuni, na hataki mtu afunue sufuria. Mbuzi au makongoro, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, na kuengua povu mpaka mchuzi utulie. Ndimu na pilipili vikae mezani, kila mtu ajikamulie. Chapati zipikwe za kutosha, kilo ya unga ukiihesabia chapati kumi hautakosea. Kama kikundini kuna Mchagga anayejua mtori, mpeni sufuria yake. Kuna mzee mmoja kwetu hali kitu kingine, anakuja kwa ajili ya mtori tu, na huwa anatoa kuliko sisi wote.

Pembeni ongezeni vya gharama nafuu vinavyopendeza: mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, viazi vitamu, ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi na hiliki, matunda yaliyokatwa muda huo huo. Chai ya maziwa ya tangawizi kwenye chupa kubwa, chai ya rangi yenye mchaichai, na mtu mmoja wa kupita na dele la kahawa na kashata. Huyu wa kahawa msimdharau. Anafanya watu wasiondoke mapema.

Sasa kuhusu kufurahia kwenu. Raha ya kwanza iko Jumamosi usiku, na wengi wanaikosa kwa sababu wanagawana kazi kila mtu nyumbani kwake. Kusanyikeni uwanja mmoja. Mmoja yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, wawili wanamenya vitunguu saumu, vijana wanachambua mchele, mtu ameleta redio. Kwetu kuna bibi mmoja mwenyeji wa Pangani ambaye kila mara anashika tui la mtu, anaonja, na kusema tu, "Mwanangu, ongeza nazi." Mabinti wangu wamejifunza kwake mambo ambayo mimi sikuweza kuwafundisha. Chungu kidogo cha kula wenyewe usiku huo kisikosekane.

Raha ya pili inahitaji sheria, nayo ni kwamba kila mpishi lazima akae mezani saa nzima kama mgeni. Pangeni zamu na muziandike. Akifika wa zamu yake, anavua kanga ya jikoni, ananawa, anakaa, anahudumiwa. Kuna wamama watakataa, watasema watakula baadaye. Wakatalieni. Mpishi aliyekula na kukaa na watu anarudi kwenye karai akiwa na uso mwingine.

Bei iwe moja, mtu ale mpaka ashibe. Msiuze kwa kipande. Ukianza kuhesabu vitumbua, mgeni naye anaanza kuhesabu shilingi zake. Mnachopaswa kulinda ni nyama tu, kwa hiyo supu igawiwe na mhudumu, na vingine vyote mtu ajipakulie. Watoto walipe nusu. Ili faida iwe ya kweli, vitu vingi viombwe badala ya kununuliwa: huyu unga, yule nazi, mwenye duka mafuta na sukari. Watu wengi wasioweza kutoa elfu hamsini taslimu watatoa nazi kumi kwa moyo mweupe. Uzeni angalau nusu ya tiketi kabla, ili mjue mnapika kiasi gani. Toeni taarifa serikali ya mtaa mapema. Kuwe na lipa namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, mpokea fedha mmoja na mwandishi mmoja ambaye si ndugu yake, na jioni hiyo hiyo hesabu nzima iwekwe kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na risiti. Hilo la hesabu halina mjadala.

Kisha kuna mnada, na hapa ndipo mtakapopata magodoro yenu mengi. Waliokulia kwenye sharika za vijijini wanaujua ule mnada wa baada ya ibada, sadaka za mazao zinapotolewa nje: jogoo, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, muwa. Mtu ananunua jogoo kwa bei ya juu kuliko sokoni, halafu anamrudisha auzwe tena, na jogoo yule yule anazunguka mpaka uwanja mzima unacheka. Leteni utaratibu huo kwenye chai yenu. Kwetu vitu vinavyopandisha bei ni achari ya maembe ya mama mmoja anayejulikana kwa mkono wake, keki ya kumimina ya ndizi, na kikapu cha viungo. Safari moja bwana mmoja alinunua chupa ya achari, akairudisha, akainunua tena, mwisho akampa muuguzi aliyekuja kama mgeni wetu. Yule dada alilia.

Mnada uanze watu wakiwa kwenye kikombe cha pili, wameshiba lakini hawajasinzia. Mshereheshaji awe mchangamfu na mwenye adabu. Mimi sikubaliani kabisa na desturi ya kusoma majina na kiasi alichotoa kila mtu. Kuna mjane anatoa elfu mbili iliyomuumiza, na jina lake likisomwa baada ya la tajiri anainama. Tangazeni jumla tu. Hotuba iwe moja, fupi, na itolewe na mzazi aliyewahi kuuguza pale, kama yuko radhi. Asilazimishwe, na picha za watoto wagonjwa zisibandikwe ukutani watu wakila.

Umeuliza pia kama chakula kitakachobaki mpeleke wodini. Kwanza ongeeni na muuguzi msimamizi, siku kadhaa kabla. Watoto wengine wana masharti ya chakula, na kitu chenye tui kilichokaa juani mpaka saa nane si cha kumpelekea mtu yeyote hospitalini. Sisi tunafanya hivi: tunatenga sufuria ya supu na chapati tangu asubuhi, kabla ya mgeni hata mmoja kupakuliwa, na saa tano watu wawili wanaipeleka ikiwa ya moto kwa wazazi wanaouguza, kama wauguzi wameruhusu. Nao wale kwa wakati mmoja na sisi, kutoka chungu kile kile. Kina mama wale wamezoea kula mkate mkavu wamesimama.

Niandikie hapa mko wapishi wangapi, mna majiko mangapi, na mnatarajia wageni wangapi. Nitakupigia hesabu ya unga, nazi na mbaazi, na nitamwomba yule fundi wetu vipimo vya supu. Huwa hatoi, ila kwa jambo hili nadhani atatoa.